Wageni wa Kipimo

Mteja alirudi na kioo chake kimefungwa kwenye blanketi, akakilaza mezani taratibu, kisha akauliza kwa adabu kama fundi alikuwa anamtania.

Dirisha lake lilikuwa la sebuleni, pana kuliko mikono ya mtu mzima ikinyooshwa. Kioo alichokatiwa kingetosha upande wa kulia tu. Ukingo ulikuwa umenyooka, pembe zimesuguliwa zisimkate mtu, kazi safi kabisa. Ila kilikuwa nusu.

"Mbona kimetimia?" alisema Kipimo. Akaweka rula ndefu juu yake, akapima kutoka kulia, akafika katikati ya meza ambako kioo kiliishia, akainua uso akiwa ameridhika. "Kimetimia, kaka. Labda dirisha lako ndilo limekua."

Mteja hakucheka. Alimtazama mdogo wa fundi, aliyekuwa ukutani anafuta vumbi, na huyo naye akaweka kitambaa chini.

Walimwita Kipimo kwa sababu ya jicho lake. Angesimama mbele ya dirisha, akakunja uso kidogo, akakutajia upana na urefu, na ukileta futi unakuta hajakosea hata unene wa kucha. Mdogo wake aliitwa Nusu kwa ajili ya kimo, ingawa dada mwenyewe alimzidi kwa kisigino cha kiatu tu. Upande wa mama yao wote walikuwa wafupi, na wote walisemeshwa mara mbili. Masikio yao yaliwaaga mapema. Nusu alivaa kifaa kwenye sikio moja tangu ujanani, na utani wa nyumbani ulikuwa kwamba ndugu wa mama wakikutana barabarani, mtaa mzima unapata habari zao bure.

Duka la vioo waliachiwa na baba. Mbele meza ya kukatia, iliyofungwa sakafuni kwa nati na kufunikwa zulia kuukuu. Kushoto mabamba ya vioo yameegemezwa kwenye fremu za mbao. Na ukuta wa kutazama mlango ulijaa vioo vya kujitazamia, vikubwa kwa vidogo, vya kuuzwa. Nyuma ya duka ndiko walikoishi: Kipimo, mjane, kwenye chumba kimoja, na Nusu na mkewe na watoto kwenye vingine.

Siku ile Nusu alikata kioo kingine, akamwambia mteja kwamba dada hakulala vizuri. Mteja alipoondoka, Nusu alimkuta Kipimo amekaa juu ya kreti, macho yamekodolea pembe ya kushoto ya chumba.

"Nani kawasha hizi taa za rangi?"

"Taa gani, Dada?"

"Hizi. Kama shanga. Zinazunguka mahali pamoja tu." Akafumba macho, na uso ukazidi kukunjamana. "Nikifumba bado zipo."

Kisha kichwa kikamuuma kama kinachopasuliwa, akatapika, na mkono wake wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe mapajani kama samaki aliyetolewa majini. Kwenye zahanati ya jirani waliambiwa ni kipandauso na uchovu, apumzike. Alipumzika. Kabla wiki haijaisha alikuwa mezani tena, anachovya gurudumu la kikatio kwenye mafuta ya taa, anapitisha mstari, anagonga, kioo kinaachana pale pale alipotaka. Nusu akaliweka jambo lile pamoja na mengine yaliyopita.

Miezi ikaenda. Binti wa Kipimo, msusi aliyeolewa mtaa wa pili, akapata ujauzito, na nyumba ikawa na furaha ya chini chini, ile ya watu wanaoogopa kuisema mapema. Halafu Kipimo akashikwa na homa, mafua ya kawaida ambayo watoto wa Nusu walikuwa wameleta kutoka shuleni. Wao walipona. Yeye homa ilipotulia aliamka asubuhi, akavaa mwenyewe, akaja dukani kwa miguu yake akipapasa ukuta wa ukumbini.

"Leo umevaa shati jeupe," alimwambia Nusu. "Unakwenda wapi?"

Nusu alikuwa amevaa ovaroli yake ya bluu. Alidhani ni utani, akangoja mwisho wake. Kipimo akasonga mbele, nyonga ikagonga pembe ya meza kwa kishindo.

"Nani kaisogeza hii meza?"

Meza ile haikuwahi kusogezwa tangu baba yao alipoikaza nati. Nusu akafungua mdomo, lakini dada yake alikuwa ameshageukia mlangoni.

"Karibu, mama. Pita uketi." Akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza, akatikisa kichwa kwa tabasamu la mtu aliyekataliwa kistaarabu. "Hapana, usisimame, kiti kipo." Kisha akashusha sauti: "Hataki kukaa. Mhudumie wewe, Nusu, mimi nanawa mikono."

"Nimhudumie nani?"

"Huyu mama wa koti la kijani. Hata masikio yakikataa, macho si unayo?"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Jua la asubuhi lilikuwa limelala kizingitini. Nusu akageuza uso, akakutana na ukuta wa vioo. Katika kila kioo alimwona dada yake, huku ubavu, kule kisogo, kule nusu ya uso, anaongea na mlango. Na katika kila kioo mlango ulikuwa mtupu. Amekua mbele ya vioo vile tangu mtoto, havijawahi kumtisha. Asubuhi ile alivipitia kimoja kimoja mpaka cha mwisho, na hakuweza kujiambia anatafuta nini.

Alikwenda akasimama mbele ya Kipimo, karibu, akapunga kiganja usoni pake. Ukope haukutikisika.

"Dada, nimenyoosha vidole vingapi?"

"Vitatu," alijibu bila kusita.

Nusu alikuwa amekunja ngumi.

"Dada, huoni."

Kipimo akacheka kwa moyo wote. "Wewe masikio umekosa, sasa unanitafutia macho."

Hospitali kubwa walimlaza wodi ya wanawake, kitanda kilichotazama ukuta. Kipimo aliwasifia wauguzi bustani yao, akawaeleza maua yaliyokuwa yamechanua dirishani, ambako palikuwa na chokaa na msumari. Hakuwa na hofu. Alikula, alitania, alipapasa kikombe akikikosa akasema kimewekwa vibaya. Na wageni wakaongezeka. Alikuwepo yule mama wa koti la kijani, anasimama tu. Walikuwepo wanaume wawili wamebeba kabati, wanalizungusha huku na huku, halipiti mlangoni, na mmoja wao kachoka mpaka jasho linamdondoka. Alikuwepo msichana anayefagia pale pale bila kusogea. Kipimo aliwasimulia kwa sauti ya mtu anayechungulia dirishani, na mara moja moja alisogeza miguu kitandani kuwapisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili alivumilia mchana mmoja, kisha akaomba kuhamishwa.

Daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke mpole, mwenye mazoea ya kusema na Nusu akimtazama usoni ili amsome midomo. Aliwaita, yeye na Binti, kwenye chumba chake kidogo, akawaonyesha picha za kichwa cha Kipimo zilizopigwa kwa mashine. Sehemu ya nyuma, pande zote mbili, kulikuwa na mawingu meupe.

"Hapa ndipo tunapoonea," alisema. "Macho yake ni mazima. Macho yanaokota tu, anayeona ni huku nyuma. Na huku nyuma kumezimika."

"Ni kiharusi?" Binti aliuliza.

"Kinafanana. Lakini kiharusi cha kawaida mshipa huziba, na kinachokufa ni eneo la mshipa ule, lina mpaka wake. Hiki kimevuka mipaka yote. Mishipa yake iko wazi, damu inafika." Akaweka kidole kwenye doa dogo, la kijivu, pembeni. "Na hili ni la zamani. Alishawahi kuumwa hivi, akapona nusunusu."

Nusu akakumbuka kile kioo cha mteja kilichokatwa nusu.

Daktari akawaeleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna majiko madogo mno, yanaitwa mitokondria, na kazi yake ni kugeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Majiko ya Kipimo, mengi yao, yamezaliwa na kasoro. Yanapika polepole, na badala ya moto yanatoa asidi. Misuli inaweza kuvumilia, ndiyo maana amefanya kazi miaka yote hii. Ubongo hauwezi, kwa kuwa ndio mlaji mkubwa kuliko wote. Ikija homa, mahitaji yanapanda, majiko yanashindwa. Chembe zinazokosa nguvu zinachanganyikiwa, zinarusha umeme ovyo, zile taa za rangi alizoziona. Na kurusha umeme kunakula nguvu iliyobaki. Zinavimba. Nyingine zinafufuka, nyingine zinakufa, na doa linatambaa kwenda kwa jirani.

"Lakini anasema anaona," Nusu alisema. "Hadanganyi. Namjua akidanganya."

"Hadanganyi. Sehemu inayoona imezimika, na habari za kuzimika hazijafika kwingine. Haoni giza, kaka. Giza nalo ni kitu cha kuonwa. Ubongo haukai na utupu, kwa hiyo unaujaza."

"Unaujaza na watu gani?"

Daktari akachukua kalamu. Aliuliza habari za mama yao. Alikuwa mfupi? Masikio? Sukari? Alikufa na nini?

Nusu alikuwa mtoto mdogo sana mama alipofariki. Alichoambiwa ni kwamba alichanganyikiwa, basi. Aliyejua alikuwa mama mdogo, na mama mdogo alikuwa njiani anakuja kumjulia hali mgonjwa.

Alifika mchana, ameshika mkongojo na mfuko wa dawa zake za sukari, akakaa kwenye benchi la ukumbini kupata pumzi. Huyu alikuwa hasikii karibu kabisa. Nusu aliinama sikioni kwake, akamweleza, na wapita njia wote wakaelezwa pamoja naye: dada haoni, na hajui kwamba haoni, na anaongea na watu wasiokuwepo.

"Watu gani?"

"Kuna mama wa koti la kijani. Anasema hataki kukaa."

Mama mdogo aliweka na mkono wa pili juu ya mkongojo. Kisha akauliza, kama anayeulizia majirani wa zamani:

"Na wenye kabati wameshafika?"

Nusu hakuwa amemtajia kabati. Alimgeukia Binti, naye Binti akatikisa kichwa: hakumwambia yeyote. Ukumbi ule ulikuwa na watu wengi, mwanamume anasukuma toroli la mashuka, mtoto analia. Nusu alihisi vyote vimesogea mbali, kama amevua kifaa chake sikioni.

Ilibidi wamwingize mama mdogo kwa daktari, na alieleza huku akitazama mikono yake. Dada yake, mama wa hawa, alianza na kichwa na kutapika. Kisha siku moja akawa haoni, na anasema anaona. Alikaribisha wageni kutwa. Mama wa koti la kijani, wabeba kabati, msichana wa ufagio. Wateja wakakimbia duka. Basi wakamhamishia stoo ya nyuma, wakatundika blanketi dirishani kwa kuwa mwanga ulimuumiza, na watu wazima wakawa hawaingii ila kwa lazima. Aliyekuwa anaingia ni Kipimo, mwenye umri wa kuanza shule. Ndiye aliyempelekea maji. Alikaa naye huko sakafuni mchana kutwa, na mama anamsimulia wanaopita. Mpaka degedege lilipomshika lisimwachie.

"Tulisema amerogwa," alisema mama mdogo. "Tulisema mengi. Dada yangu alikuwa mgonjwa tu?"

Daktari alimwandikia jibu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: ALIKUWA MGONJWA. Mama mdogo akalisoma, akalisoma tena, akapitisha kidole juu ya neno la mwisho.

"Basi Mama aliwachukua wageni kwa bibi," Binti alisema taratibu. "Aliwasikia utotoni, wakakaa humo, na sasa wametoka."

"Inawezekana sana," daktari alisema. "Ubongo hujaza kwa vitu ulivyohifadhi."

Nusu akamfikishia mama mdogo maneno hayo sikioni. Kizee akafikiri.

"Sawa. Na dada yangu aliwatoa wapi?"

"Hilo sijui, mama," alisema daktari.

Lilibaki jambo moja, na daktari alilisema kwa uangalifu. Majiko haya mtoto huyapata kwa mama yake peke yake. Watoto wa Nusu hawakupata kitu kwake. Watoto wa Kipimo, na wa binti zake, ni habari nyingine. Wengine hubeba kidogo wasiumwe maisha yao yote, wengine hubeba mengi. Nusu alihisi moyo umeshuka mahali pake kwa raha, wanawe wako salama, na papo hapo akaona haya mpaka shingoni. Hakuweza kumtazama Binti. Binti alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya tumbo, ametulia, kama mtu anayemziba mtoto masikio.

Walimpa Kipimo dripu za kusaidia mishipa ya ubongo, na dawa za kuzuia umeme ule ovyo, zilizochaguliwa kwa makini kwa sababu baadhi huyaua majiko zaidi. Mwanga ulimrudia vipande vipande, kulia kwanza. Siku aliyouona mkono wake mwenyewe aliugeuza nyuma na mbele muda mrefu. Kisha akatazama wodi yote, vitanda, chokaa, msumari.

"Wamekwenda wapi?"

"Hawakuwepo, Dada," alisema Nusu. "Ulikuwa huoni."

"Nilikuwa naona. Sasa ndiyo sioni vizuri. Huku kushoto hakuna kitu." Chozi likamtoka, wala hakulifuta. "Wale walikuwa wananiita kwa jina langu lile alilokuwa akiniita Mama. Ninyi wote mmelisahau."

Nusu alitaka kumtajia jina lile palepale, aone kwamba si kweli. Alilitafuta. Alilipata baadaye, yuko nje, amesimama kwenye foleni ya dawa.

Nyumbani Kipimo hakukata kioo tena. Alikaa dukani upande wa kulia wa mlango, akipokea wateja na kuwatania, na anayetokea kushoto ilibidi aseme kwanza. Nusu alipimwa damu, akakutwa na kasoro ile ile, kidogo. Huenda isimguse zaidi ya masikio, daktari alisema. Huenda. Kilichomnyima raha ni kwamba ikimfika hatajua. Mtu akiingia gizani anaweza kupiga kelele asaidiwe. Yeye angeendelea kukaribisha watu. Kwa hiyo akawa na tabia mpya. Asubuhi kabla ya kufungua duka alimwita mkewe.

"Nimevaa nini?"

"Ovaroli chafu," mkewe angejibu kutoka jikoni. "Nenda kazini."

Na Nusu angetazama kifuani, akaona ovaroli chafu, akaenda.

Binti alijifungua mtoto wa kike. Walipomleta nyumbani kwa bibi yake, Kipimo alikaa kitini, akanyoosha mikono, wakampakatisha. Binti, mumewe, Nusu, mama mdogo aliyekuwa amehamia kwao sasa, kila mmoja alisimama bila kupumua vizuri, anangoja kusikia.

Kipimo alimsogeza mtoto upande wa kulia wa uso wake.

"Sikio moja limekunjika juu," alisema. "Kajikwaruza shavuni, mkateni kucha. Nywele zinaanzia mbali, paji hili litamsumbua. Na kofia hii ni ya kijivu, nani kamchagulia mtoto rangi ya simenti?"

Ndivyo alivyokuwa mtoto. Sikio, mkwaruzo, kofia. Binti alicheka na kulia pamoja, na mumewe akakiri kofia ni yeye. Kipimo akainua kichwa, akatazama juu ya mabega yao, mlangoni.

"Mkaribisheni basi huyo. Mnamwacha asimame?"

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyegeuka. Nusu aliona uso wa mama mdogo, asiyesikia kitu, ukitazama mlangoni pia, na hakuweza kuusoma. Akageuza shingo polepole.

Alikuwa jirani wa nyumba ya kushoto, kashika chupa ya uji, anasubiri kuitwa.

"Nimebisha hodi," alisema, "lakini nyumba hii naijua masikio yake."

Nusu alimwendea, akampa mkono, akaushika wake muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Ulikuwa wa moto kwa sababu ya chupa. Jirani alishangaa kidogo, akamwachia aushike.

Kipimo aliishi. Mwaka uliofuata alishambuliwa tena na ugonjwa ule, mara hii upande wa kusikia, akabaki na maneno machache na utani wake wote. Binti aliulizwa hospitalini kama anataka mtoto apimwe. Alikwenda nyumbani akafikiri, akamuuliza mumewe, akamuuliza mjomba wake, ambaye alisema hana haki ya kusema. Mwishoni alikataa. Mtoto akikua ataamua mwenyewe, alisema. Kwa sasa yeye akipata homa atakimbizwa hospitali mapema, ajulikane ana nini au asijulikane. Kisha akamfunga mgongoni, akarudi saluni, maana alikuwa ameacha mteja kasukwa upande mmoja.